Picha za watu mtandaoni: maswali yanayoulizwa sana Mtwara na Lindi kuhusu mali ya umma na leseni huria

Haya maswali hayaishi. Yanaulizwa steshenari, yanaulizwa na walimu, na vijana wanaochapa tisheti, na watu wa utalii wa Kilwa na Mikindani wanaotafuta picha nzuri ya kuweka kwenye flaya usiku wa manane kesho yake mteja anaitaka. Nimeyaweka pamoja, kuanzia yale mepesi mpaka yale ya kuumiza kichwa, na kama jibu liko kwenye swali lingine nitakuelekeza huko. Ukisoma yote utaona yanazunguka jambo moja tu: nani kaipiga hii picha na ameruhusu nini.

## Mambo ya kuanzia

1. Picha nimeitoa Google, haina jina la mtu wala alama yoyote, si ya bure hiyo?

Hapana. Google haina picha, inakuonesha tu picha zilizoko kwenye tovuti za watu wengine. Na picha kukosa jina haina maana haina mwenyewe, korosho ikidondoka barabarani bado ina shamba ilikotoka. Facebook, Instagram, Pinterest na status za WhatsApp ni hivohivo. Mtu akiposti Instagram anaipa Instagram ruhusa ya kuionesha ile picha, wewe hajakupa ruhusa ya kuidaunlodi ukaibandike kwenye tangazo la gesti yako.

Cha kufanya ni kubonyeza mpaka ufike ukurasa wenyewe picha ilikotoka halafu usome kumeandikwa nini. Usipokuta maelezo yoyote, chukulia haki zote ni za mwenyewe, kwahiyo ni kumuomba au kutafuta nyingine.

2. Lakini mwenyewe hajaisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, atadai nini sasa?

Atadai vilevile. Hakimiliki inaanza palepale kazi inapotengenezwa, haingoji fomu wala mhuri. Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na tangu 1994 nchi yetu imo kwenye Mkataba wa Berne ambao nchi wanachama wanalindiana kazi za watu wao bila kudai usajili. Kusajili COSOTA kunasaidia ushahidi mkifika kwenye kugombana. Kwahiyo hata picha aliyopiga dogo kwa simu akiwa kwenye kivuko cha Msangamkuu ni mali yake toka alipobonyeza.

Wenzetu Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao ni COSOZA, kama kazi yako inaenda kule uliza kule.

3. Mali ya umma ndo nini hasa?

Ni kazi ambayo haina tena mtu mwenye hakimiliki juu yake, yani unaitumia unavyotaka, unauza, unakata, unabadilisha rangi, huombi mtu. Picha inaingia huko kwa njia kama tatu hivi: muda wa ulinzi umeisha (swali la 4), au sheria haikuilinda tangu mwanzo, au mwenyewe kaamua kuachia haki zake zote (swali la 8).

Mfano wa kutolindwa tangu mwanzo ni picha za NASA. Kazi zinazotengenezwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki kule kwao, ndo maana picha ya kimbunga kinakuja pwani yetu iliyopigwa na setilaiti yao unaikuta kila mahali. Logo ya NASA ni kitu kingine, hiyo usiiguse, na kwenye mkusanyiko wao kuna picha za watu wengine pia kwahiyo maelezo ya chini yasomwe.

Sasa watu wanachukua hiyo ya Marekani wanaileta huku, wanasema picha za serikali yetu nazo ni za bure. Sheria yetu inaacha bila ulinzi maandishi ya sheria na hukumu za mahakama, lakini picha kwenye tovuti ya halmashauri au wizara usiichukulie hivyo. Andika barua au tuma imeili uombe.

4. Muda unaisha baada ya miaka mingapi?

Kwetu kanuni ya jumla ni maisha ya mtengenezaji wa kazi na miaka 50 baada ya kufa kwake, inahesabiwa mpaka mwisho wa mwaka. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70 baada ya kufa. Marekani kazi za zamani zilizochapishwa zinahesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa.

Twende na mfano wa karibu. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru hapo jirani, alifariki 1972. Ongeza 50 unapata mwisho wa 2022, kwahiyo kwa hesabu ya kwetu michoro aliyoichora yeye mwenyewe imekuwa mali ya umma kuanzia Januari 2023, ila kwenye nchi za miaka 70 bado mpaka mwisho wa 2042. George Lilanga, mzaliwa wa hukuhuku kusini, alifariki 2005, huyo kazi zake zinalindwa Tanzania mpaka mwisho wa 2055.

Na hapa ndo wachapa tisheti wengi wanapochanganya: mtindo wa Tingatinga hauna mwenyewe, yeyote anaruhusiwa kuchora twiga na ndege kwa mtindo ule, lakini mchoro fulani wa mchoraji fulani aliye hai ni wa kwake. Kuona "Tingatinga" kwenye jina la picha hakutoshi, tafuta nani kachora.

5. Na leseni huria inatofautianaje na mali ya umma?

Kwenye leseni huria mwenyewe yupo na hakimiliki yake anayo, ila ametangaza mapema kwamba mtu yeyote aitumie bila kuja kumuomba mradi afuate masharti fulani. Ukivunja masharti ruhusa inakufa na unarudi kuwa mtu aliyetumia picha bila ruhusa. Leseni zinazojulikana zaidi ni za shirika la Creative Commons, kwa kifupi CC, za kwanza zilitoka Desemba 2002, na toleo la 4.0 lililotoka 2013 ndo utakalokutana nalo sana.

## Leseni zenyewe

6. Hizo herufi BY, SA, NC, ND zinasema nini?

BY: mtaje mwenye kazi. SA: ukiibadilisha ukaisambaza, toleo lako lipewe leseni hiyohiyo. NC: isiwe kwa biashara. ND: usisambaze iliyobadilishwa. Zinaunganishwa zinapatikana leseni sita: CC BY, CC BY-SA, CC BY-NC, CC BY-ND, CC BY-NC-SA na CC BY-NC-ND. Zote sita zina BY, yani kutaja jina hukwepi.

Mimi ukiniuliza, kwa kazi ya mteja yeyote anayelipa tafuta CC BY, CC0 (swali la 8) au mali ya umma basi, utalala usingizi.

7. Nataja vipi? Nikiandika "picha: intaneti" inatosha?

"Picha: intaneti" ni sawa na hujaandika kitu, na "kwa hisani ya Google" ndo kabisa. Vinatakiwa vitu vinne: jina la picha kama lipo, jina la mpiga picha kama alivyotaka aitwe, picha ilikotoka, na leseni yake. Kama umeibadilisha, sema. Tuseme umechukua picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kutoka Wikimedia Commons (swali la 13) ukaipunguza upande wa juu, chini ya picha unaandika hivi:

Msikiti Mkuu, Kilwa Kisiwani. Picha: (jina la mpiga picha), Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0, imekatwa juu.

Mtandaoni jina la leseni na chanzo viwe linki. Kwenye bango la kuchapa andika kwa herufi ndogo pembeni, kwenye kijitabu unaweza kuweka orodha ya picha ukurasa wa mwisho. Kwenye tisheti weka kwenye karatasi ya bei inayoning'inia au kwenye ukurasa wa bidhaa, leseni inakutaka ufanye kwa njia inayofaa kulingana na kitu chenyewe. Ila usiandike kwa namna ambayo mtu atadhani mpiga picha anaunga mkono biashara yako au chama chako.

8. CC0 nayo ni leseni?

CC0 ilikuja 2009 na ni mtu kuachia haki zake zote kadiri sheria inavyoruhusu. Hulazimiki hata kumtaja. Mi nashauri umtaje tu, na chanzo ukiandike, kwasababu mwaka ujao mteja akikuuliza picha ilitoka wapi utakuwa na la kumjibu. Ukikuta alama inayoitwa Public Domain Mark, hiyo inasema kazi inajulikana kuwa mali ya umma tayari, kwa kawaida ya zamani.

9. NC: mi nina kikundi tu cha vijana, si biashara. Naruhusiwa?

Leseni haiangalii wewe ni nani, inaangalia matumizi. Swali ni kama hayo matumizi yamelenga hasa faida ya kibiashara au malipo. Kikundi kisichosajiliwa kikiuza tisheti zenye picha ya NC hiyo ni biashara. Kampuni kubwa ikimpa mwanafunzi picha ya NC kwenye somo la bure inaweza kuwa sawa. Bango la semina ya bure ya AMCOS (ushirika wa wakulima) kuhusu kupuliza dawa mikorosho kwa kweli sioni tatizo, ila bango hilohilo likiwa na tangazo la duka la pembejeo aliyelipia kuchapa, hapo tayari panaanza utata, na panapoanza utata muandikie mpiga picha. Wengi wanajibu, na wengi wanakubali wakiambiwa ukweli.

10. SA: yani nikitumia picha moja ya BY-SA bango langu lote linakuwa la umma?

Inategemea umeifanya nini. Umeiweka picha kama ilivyo, pembeni maandishi yako, logo yako: hapo SA inabaki kwenye picha, muundo wako ni wako. Umeichukua ukatoa bekigraundi, ukaichanganya na picha nyingine mbili ukatengeneza kitu kipya: hicho kipya umekijenga juu ya kazi yake, ukikisambaza lazima kiwe chini ya BY-SA au leseni iliyokubaliwa kuendana nayo. Mteja aambiwe kabla, maana kuna wateja hawataki muundo wao utumike na wengine, na hilo si la kugundua baada ya kuchapa.

11. Kukata picha au kuifanya nyeusi na nyeupe kunahesabika kubadilisha?

Kwa picha ya ND usiguse, itumie ilivyo. Kubadili fomati tu, mfano kutoka PNG kwenda JPEG, hakuna shida. Toleo la 4.0 linakuruhusu hata kuichezea ND kwa matumizi yako binafsi bila kuisambaza. Kwa leseni zisizo na ND badilisha, ila useme kama kwenye swali la 7.

12. Mpiga picha akibadilisha mawazo akaifuta leseni?

Leseni za CC hazifutiki kwa wale walioipata picha wakati leseni ipo, mradi unafuata masharti. Anaweza kuacha kuitoa kwa leseni hiyo kuanzia leo, lakini ya kwako ya jana inabaki. Shida ni ushahidi. Siku unayodaunlodi piga skrinishoti ya ukurasa ikionesha jina, leseni na tarehe, iweke kwenye folda moja na picha. Ni kazi ya dakika moja, na siku ya ubishi ndo kitu pekee utakachokuwa nacho mkononi.

## Kuzipata

13. Natafuta wapi picha za namna hii?

Wikimedia Commons ndo pa kwanza. Ipo tangu 2004 na haipokei picha zenye NC wala ND, kwahiyo za mle kwa kawaida zinafaa hata kwa biashara, ila kila picha ina ukurasa wake wenye leseni yake, soma huo. Openverse inatafuta picha za leseni huria kutoka sehemu nyingi kwa mpigo. Flickr ina kichujio cha leseni. Google Picha nayo, bonyeza Zana, halafu Haki za matumizi, chagua leseni za Creative Commons, ukimaliza bado nenda ukurasa wa picha ukahakikishe.

14. Unsplash, Pixabay, Pexels, zile tovuti za picha za bure, ni Creative Commons?

Zina leseni zao wenyewe. Unsplash ilikuwa CC0 mpaka 2017, Pixabay mpaka mwanzoni mwa 2019. Zinaruhusu mengi, biashara imo, ila kuna makatazo, mfano kuuza picha yenyewe kama ilivyo bila kuongeza kitu. Wachapa posta na kalenda hapo ndo pakusoma kwa makini.

15. Je kama aliyeweka CC kwenye picha si mwenyewe?

Inatokea sana. Mtu kachukua picha ya mwenzake, kaipandisha, kaandika CC BY, na leseni hiyo haina nguvu kwasababu hakuwa na haki ya kuitoa. Wewe uliyeitumia kwa nia njema bado utaambiwa uitoe. Angalia akaunti: je ana picha nyingine za mahali hapo, kamera ileile, siku ileile? Au ana picha moja ya Msimbati, moja ya Paris, moja ya harusi ya Kihindi, zote ndogondogo? Pitisha picha kwenye TinEye au Google Lens uone ilionekana wapi mwanzo. Ukikuta iko kwenye tovuti ya wakala wa picha za kuuza, achana nayo.

## Picha za kwetu kusini

16. Zile picha za zamani za enzi ya Mjerumani, kila mtu si anaweza kuzitumia?

Hapa usiangalie picha imepigwa lini, angalia mpiga picha kafa lini.

Karl Weule, mtafiti Mjerumani, alipita Lindi, Masasi, Newala mpaka Mikindani mwaka 1906, akapiga picha nyingi za Wamakonde, Wayao na Wamakua. Alifariki 1926, kwahiyo miaka 50 imepita, 70 imepita, picha alizopiga yeye ni mali ya umma kwetu na Ujerumani. Sasa linganisha na Tendaguru, kule Lindi walikochimbwa madainosaria kati ya 1909 na 1913, yule mkubwa akapelekwa Berlin yupo mpaka leo. Waliosimamia uchimbaji ni Werner Janensch na Edwin Hennig, na kazi ya mikono wakaifanya watu wa huku, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Janensch alifariki 1969, picha zake kwa Tanzania Bara zimefunguka kuanzia 2020 lakini Ujerumani ni mpaka mwisho wa 2039. Hennig alifariki 1977: kwetu mpaka mwisho wa 2027, Ujerumani mpaka mwisho wa 2047. Shimo lilelile, mwaka uleule, watu wawili, majibu mawili. Na ukiposti mtandaoni inaonekana nchi zote.

Inaniuma kuona mtoto wa Lindi anamjua dainosaria wa Marekani wa kwenye sinema na huyu wa kwao hajawahi kumuona hata picha, kwahiyo tafadhali tumieni zile zilizo wazi, mtaje na jina la Boheti.

17. Jumba la makumbusho Ulaya linasema picha ya zamani waliyoiskani ni yao. Kweli?

Umoja wa Ulaya uliamua kwenye maelekezo yake ya 2019 kwamba ukinakili kwa uaminifu kazi ya sanaa ya kuonekana ambayo tayari ni mali ya umma, ile nakala haipati haki mpya. Kuskani tu hakuirudishi picha ya Weule kifungoni. Lakini mtu akipiga picha ya sanamu au kinyago, kachagua mwanga na upande, hiyo ni picha yake mpya. Na kama ulikubali masharti ya tovuti yao ulipojisajili, masharti ni mkataba, yasome.

18. Msikiti wa Kilwa una mamia ya miaka, kwahiyo picha yake ni ya wote?

Msikiti ndio, picha hapana. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981 na hayana hakimiliki ya jengo, ila aliyeyapiga picha mwaka jana ana haki ya picha yake. Uzuri ni kwamba na wewe unaweza kupanda boti kutoka Kilwa Masoko ukalipa kiingilio ukapiga ya kwako.

19. Nimepiga mwenyewe picha ya kinyago cha kimakonde, naiuza kama posta. Kuna shida?

Ipo kama mchongaji yu hai au hajamaliza miaka 50 tangu afariki, kwasababu hapo kuna haki mbili, yako ya picha na yake ya kinyago. Kununua kinyago ni kununua mti uliochongwa, haki ya kukizalisha inabaki kwa mchongaji mpaka mkubaliane. Mchongaji kwa kawaida yuko hapohapo kibandani, muongee, muandikiane hata kwenye daftari, mpe chake.

20. Na watu waliomo kwenye picha?

Leseni ya CC inahusu hakimiliki ya mpiga picha tu, haikupi ruhusa ya sura ya mtu. Mama anabangua korosho Newala, picha ni CC BY, haina maana amekubali kuwa uso wa tangazo la mkopo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kwa watoto na wagonjwa usitumie bila ridhaa.

Halafu kuna jando na unyago. Picha za zamani za mambo hayo zipo mtandaoni, hakimiliki zimeisha, na kisheria ya hakimiliki hakuna wa kukuzuia. Mi naomba usiziweke kwenye flaya wala status. Wale walioonekana mle hawakuulizwa, na wajukuu zao wapo. Ukizihitaji kwa somo au utafiti, kaa na wazee na makungwi kwanza.

## Yaliyobaki

21. Mwalimu naweza kutumia picha yoyote darasani?

Sheria inakupa nafasi ya kutumia kazi kwa mfano wa kufundishia ukitaja chanzo na jina, na kwa matumizi binafsi pia. Kitabu cha kiada unachouza hakimo humo, hicho nenda swali la 6.

22. Picha ya akili mnemba ina mwenyewe?

Ofisi ya hakimiliki ya Marekani inasema kitu kilichotengenezwa na mashine tupu bila ubunifu wa binadamu hakisajiliwi. Ila ikikutolea kitu kinachofanana na mchoro wa mtu aliye hai, kesi ni yako. Na usiiuze kama picha ya kweli ya Mikindani.

23. Nimeshaposti bila kumtaja mwenyewe, nimeandikiwa meseji. Nifanye nini?

Jibu siku hiyohiyo, usimbloku. Kwa leseni za toleo la 4.0, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa, haki zako zinarudi zenyewe, japo anaweza bado kudai kwa kipindi kile cha nyuma. Kama picha haikuwa na leseni kabisa, itoe, omba radhi, muulize bei yake.

24. Nataka picha zangu za Mtwara watu wazitumie. Naanzaje?

Hili ndo swali ninalolipenda, maana tafuta leo picha huria ya mnada wa korosho, ya soko la samaki, ya mlima wa Newala ukiangalia Ruvuma chini, utakuta chache sana na nyingi kapiga mgeni aliyekaa siku mbili. Fungua akaunti Wikimedia Commons, pandisha picha uliyopiga mwenyewe, chagua CC BY au CC BY-SA. Kumbuka swali la 12, ukishatoa haurudishi, kwahiyo zile unazotegemea kuuza baki nazo, au toa ndogo na kubwa uuze. Usipandishe picha uliyolipwa na mteja kabla ya kuangalia makubaliano yenu. Andika maelezo kwa Kiswahili, jina la kijiji, wilaya, mwaka na kinachofanyika, maana bila hayo mtu hawezi kuipata hata kama ni nzuri namna gani. Kuna pia shindano la Wiki Loves Africa, linafanyika tangu 2014, kila awamu ina mada yake na picha zote zinaingia kwa leseni huria.